Kiko cha Jean Paul

Watu wakija kwako kundi zima bila kupiga hodi, usihangaike kutafuta viti. Hawajaja kukaa. Jovitha alilijua hilo, kwa hiyo aliposikia kelele zinapanda njia ya migombani asubuhi ile, alibaki pale pale kwenye kigoda chake, tupa mkononi, kipande cha pembe ya ng'ombe katikati ya magoti. Alisema tu moyoni, Mungu wangu, ni nini tena.

Nyarubungo nzima ilimwita Mama Nice, kwa jina la binti yake wa kwanza. Alitoka Kirushya, kule Ngara, akaolewa hapa Biharamulo, akaja na sanduku moja la nguo na mfuko wa vifaa vya marehemu baba yake: visu viwili, tupa tatu na spoku ya baiskeli ya kutobolea. Wanaume walicheka. Mwanamke achonge viko! Wakacheka weee, mpaka siku walipovuta. Sasa ukimwona mzee wa Kisubi, au Msukuma aliyehamia na mifugo yake kutoka Shinyanga, au bibi yeyote anayejiheshimu, ameuma kiko, ujue kimetoka kwa Mama Nice. Kichwa ni kisiki cha mbuni mzee. Mdomo wa kiko, pale meno yanapokamata, ni pembe.

Kundi liliingia uani. Mbele alikuwa Benedicto, mwenyekiti wa kitongoji, mtu mzima mwenye haya zake, leo shati limemtoka nje ya suruali. Nyuma yake wanaume kama thelathini, fimbo na mapanga. Mmoja amebeba tairi kuukuu begani. Mwingine ana kidumu, na harufu ya petroli ilifika kabla yake. Katikati walikuwa wamemweka Jean Paul, mikono imefungwa kwa kamba ya katani, jicho moja limevimba hata halifunguki. Na aliyeshika ncha ya kamba hiyo alikuwa Laurian.

Laurian, mdogo wake Jovitha wa tumbo moja.

"Mama Nice, habari za asubuhi," alisema Benedicto.

"Habari gani hizi, mwenyekiti? Mbona mnamburuza mtu namna hiyo?"

"Bani la Juvenali limeungua."

Jovitha aliweka tupa chini. Juvenali alikuwa mkulima mkubwa wa tumbaku pale kitongojini, na bani lake, lile jengo la udongo la kukaushia majani kwa moshi wa tanuri, lilikuwa limejaa mavuno ya msimu mzima. Jovitha alikuwa ameona moshi kulipokucha. Akadhani watu wanachoma shamba.

"Lote?"

"Lote. Na mkewe, mama Christina, ameungua mikono mpaka hapa." Benedicto aligusa viwiko vyake. "Aliingia kuokoa majani, paa likamshukia. Wamempeleka hospitali kwa pikipiki. Sijui kama vidole vitapona."

"Na huyu ndiye mchoma bani!" alipaza sauti mwenye tairi. "Ameajiriwa kulinda moto, akauwasha mwingine. Tunangoja nini?"

"Mimi sikuchoma," alisema Jean Paul. Sauti ilikuwa imemkauka. "Nilikwenda kuchukua kuni. Nimerudi nikakuta moto. Mama Nice, waambie."

Awaambie nini? Jovitha hakuwepo. Lakini Benedicto alitia mkono mfukoni, akatoa kitu kilichofungwa kwenye leso, akakifungua. Kilikuwa kiko.

"Tumekiokota nyuma ya bani, kwenye majani yasiyoungua, kando ya pale moto ulipoanzia. Jean Paul anasema si chake, hajawahi kukiona. Sisi wote tunajua viko vya hapa unachonga wewe, na kila kimoja unakikata kwa mdomo wa mtu wake. Polisi nimewapigia, wako njiani, ila barabara hii unaijua. Hawa wenzangu hawataki kungoja. Nimewaambia hivi: Mama Nice aseme ni kiko cha nani. Akishasema, tumemaliza."

Tumemaliza! Ndivyo alivyosema, na yule mwenye kidumu akakihamishia mkono wa pili.

Jovitha alikipokea. Hakuhitaji hata kukitazama, vidole vyake vilikitambua kabla ya macho. Juu ya mdomo wa pembe palikuwa na kinundu kidogo, kimeinuka na kulainishwa vizuri, mahali ambapo kiko kingine chochote kingekuwa bapa. Kinundu kile alikikata yeye, siku mbili nzima, kwa sababu Jean Paul hana meno mawili ya mbele ya juu. Aliyapoteza utotoni, kwao ng'ambo ya mpaka. Kiko cha kawaida kilikuwa kinamtoka mdomoni kila akicheka, naye ni mtu wa kucheka. Kinundu kinaingia kwenye pengo, kiko kinatulia.

Hiki kilikuwa kiko cha Jean Paul. Hapakuwa na mwingine Nyarubungo nzima mwenye mdomo wa kukaa hapo.

Na Jean Paul alikuwa anasema kweli kwamba hajawahi kukiona.

Hapo ndipo Jovitha alipokifumbata kiko kiganjani. Maana alikumbuka, na aibu ikamshika pamoja na hofu, huwezi kujua ipi ilitangulia. Jean Paul alikuja wakati wa kiangazi kuomba achongewe. Aling'ata nta ya nyuki, kama wanavyong'ata wateja wote, ili Jovitha abaki na alama ya meno yake. Kisha kazi za watu zikambana, hakurudi tena. Nta yake ikakaa kwenye kopo. Mpaka wiki mbili zilizopita, Laurian alipokuja.

"Dada, kile kiko cha Jean Paul kimalizie," alisema siku ile, anachekacheka, anakuna kichwa. "Nitampelekea mimi. Unajua tumekosana tangu Juvenali aniondoe kwenye tanuri akamweka yeye. Nataka yaishe. Nikimpelekea kiko, tutavuta pamoja, tutapatana."

Jovitha alifurahi nusura alie. Tangu Laurian afukuzwe kwa kusinzia, moto ukazimika, majani yakaharibika, alikuwa haongei na mtu. Anakunywa, anatukana, anasema yule wa kuja amemnyang'anya ugali. Na sasa anataka kupatana! Dada gani angekataa?

Lakini kulikuwa na mwiko, na mwiko huo Jovitha alikabidhiwa pamoja na zile tupa. Kiko hakitoki kwa mchongaji mkononi mwa mtu mwingine. Mwenyewe lazima aje, akae, avute moshi wa kwanza mbele ya aliyemchongea. Baba yake alikuwa mkali kwa hilo kuliko kwa sala. Na si ushirikina, wala usidhani. Pembe iliyotoka kuchongwa, ikipitiwa na moshi wa kwanza, hulegea kidogo, na meno yanayoiuma saa hiyo huacha alama. Mchongaji huichukua ikiwa bado ya moto, huitengeneza kwa tupa kufuata alama zile, kisha huitumbukiza kwenye maji baridi, nayo hukaza; hata ikiachwa ipoe yenyewe hukaza vilevile. Baada ya hapo uing'ate mwaka mzima, haibadiliki. Meno ya kwanza ndiyo hubaki.

Alimpa Laurian kiko bila moshi wa kwanza. Miaka ishirini na sita ya kuchonga hakuwahi kufanya hivyo, akafanya kwa mdogo wake. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, wazee walishasema, na Jovitha alilisikia guu lake likivunjika pale pale kwenye kigoda.

"Mama Nice, tunangoja," alisema Benedicto.

Alikigeuza kiko kwenye mwanga. Kinundu kilikuwa kimetafunwa. Kulikuwa na mikwaruzo juu yake, ya meno ya mbele yaliyojaribu kukamata yakateleza. Kisha pembeni, upande wa kushoto, palikuwa na mashimo mawili, moja refu, moja fupi limekatika kwa mshazari. Mtu mwenye meno yake yote alikuwa amejaribu kuvuta kiko hiki, kinundu kikamsumbua, akakisogeza kwenye magego. Na jino moja la upande ule limevunjika.

Jovitha alilijua jino hilo. Laurian alilivunja kwa kufungulia chupa ya soda kwenye harusi ya Nice.

"Sioni vizuri," alisema. Sauti yake mwenyewe ilimshangaza. "Nipe nafasi, mwenyekiti. Nikalete kopo la nta nilinganishe."

"Analinganisha nini tena?" alifoka mwenye tairi. "Mtu ana pengo, kiko kina kinundu! Hata mtoto anaona!"

"Wewe umewahi kuchonga kiko?" Jovitha alimgeukia. "Basi nyamaza. Mmekuja kuniuliza mimi au mmekuja kunisomesha?"

Wawili watatu waliguna, mwenye tairi akatazama chini. Jovitha akaingia ndani. Alikuwa bado hajafika kwenye rafu alipohisi mtu nyuma yake. Laurian alikuwa amempa mwenzake kamba, akamfuata.

Chumba kilikuwa kidogo, na mlango ndio uliokuwa unaleta mwanga. Laurian alisimama akauziba.

"Dada."

"Ni wewe."

Hakuuliza, alisema. Naye Laurian hakukana. Alijifuta jasho kwa mkono, na Jovitha akaona malengelenge kwenye kidole cha shahada, mekundu, mapya. Palepale hasira zikampanda, akatamani kumzaba kibao.

"Sikutaka mama Christina aungue," alinong'ona Laurian. "Haki ya Mungu, dada. Nilitaka bani tu. Nilitaka Juvenali aone huyo mtu wake alivyo. Nani angejua yule mama ataingia motoni?"

"Na kiko? Ulinidanganya mimi. Ulisema mnapatana."

"Nilikivuta mara moja tu kionekane kimetumika. Sikiliza. Hawa watu hawana subira. Wewe toka, sema ni cha Jean Paul. Huo si uongo! Umekichonga kwa mdomo wake, si ndiyo? Sema ukweli tu, ukweli mmoja huo, halafu unyamaze."

"Wamchome mtu."

"Ni wa kuja, dada. Hana hata ndugu hapa."

"Na sisi? Sisi tulizaliwa Nyarubungo?"

Laurian aligeuza kichwa. Macho yake yalikuwa kwenye rafu, kwenye kopo la maziwa ya unga ambamo Jovitha aliweka nta za wateja, kila moja imefungwa kwa uzi na jina. Yake ilikuwemo. Kiko chake cha kwanza alichongewa bure, tena kwa kubembelezwa. Jovitha aliona anachokitazama, akanyoosha mkono, lakini alichelewa. Laurian alilivuta kopo, akapekua, akaitoa nta yake na kuifinyanga kiganjani mpaka ikawa donge. Kisha akalitupa donge lile kwenye mafiga, na kwa kuwa mafiga yalikuwa na makaa, likalia chwaa na kuwaka.

"Sasa hakuna cha kulinganisha," alisema. "Nisamehe. Lakini mimi ni mtu wako. Ukinitoa mimi nje pale, tairi lile ni langu. Umefikiria hilo?"

Alikuwa amelifikiria. Hakufikiria kingine tangu aone lile shimo fupi la mshazari. Mama yao alipofariki Laurian alikuwa na miaka minne, na Jovitha ndiye aliyemchukua, akaja naye kwenye ndoa yake, mume akaguna akazoea. Hakuwahi kumchapa hata pale alipostahili. Mchelea mwana kulia hulia yeye. Jovitha hakuwa amelia bado.

"Toka mlangoni," alisema.

"Utasema nini?"

"Toka mlangoni, Laurian."

Alipotoka nje, jua lilikuwa limepanda. Walikuwa wamempigisha Jean Paul magoti, na tairi lilikuwa chini, hatua mbili kutoka alipo. Benedicto amesimama katikati, mikono ameitanua kidogo. Ungedhani anazuia mbuzi wasiingie shambani. Alikuwa anachoka, mtu yeyote angeliona hilo.

"Eee, Mama Nice?"

Jovitha alisimama karibu na Jean Paul. Mkono mmoja kiko, mkono mwingine nta ya Jean Paul yenye uzi.

"Kiko hiki nimekichonga mimi," alisema kwa sauti ya kufika nyuma. "Nimekichonga kwa mdomo wa Jean Paul."

Jamani! Uwanja ulilipuka. Mtu alipiga mluzi, mwenye kidumu akafungua kifuniko, mkono wa nani sijui ukamshika Jean Paul kwenye kola. Jean Paul alimtazama Jovitha kwa lile jicho lake moja zima, anamtazama tu, na Jovitha alijua kwamba akifunga mdomo wake sasa hivi hatakuwa amesema uongo hata neno moja. Nyuma yao, mlangoni, Laurian alishusha pumzi.

"Sijamaliza!" Jovitha alipiga ukelele. "Mwenyekiti! Sijamaliza! Nimekichonga kwa mdomo wake, lakini hajawahi kukivuta! Mfungueni mikono, niwaonyeshe!"

"Anatuchelewesha huyu!"

"Acheni amalize!" Benedicto alinguruma, na kweli hakuna aliyejua kama Benedicto anaweza kunguruma. "Nimesema tutamsikiliza. Funga hicho kidumu, wewe."

Hawakumfungua mikono, lakini walimwachia kola. Jovitha alipiga magoti mbele yake, akafuta kiko kwa kanga, akasema kwa upole, "Fungua kinywa, baba." Akakiweka. Kinundu kiliingia kwenye pengo, kikakaa, meno ya pembeni yakashuka juu ya pembe safi isiyo na alama yoyote.

"Njoo uone, mwenyekiti. Inama. Meno yake yanakamata hapa na hapa, kama kwenye nta yake hii. Kuna alama? Hakuna. Sasa tazama kinundu." Akakitoa kinywani, akakigeuza. "Kimeng'atwa. Jean Paul angeking'ata kwa nini, meno ya hapo ameyatoa wapi? Na tazama huku kushoto. Shimo refu, na hili fupi la mshazari. Aliyevuta kiko hiki mara ya kwanza, pembe ikiwa bado laini, ana meno yake yote ya mbele, na pembeni ana jino lililovunjika."

Benedicto aliinama, akavaa miwani, akavua. Wengine walisogea. Kelele zilikuwa zimeshuka, na kwenye kundi la watu wenye hasira, kelele zikishuka mtu mmoja mmoja huanza kukumbuka kwamba ana akili zake.

"Kama hakukivuta yeye," alisema Benedicto polepole, "wewe kiko ulimpa nani?"

Hapo sasa. Swali lenyewe. Jovitha aliinuka. Vumbi lilikuwa limeshika magoti yake, naye akalipangusa, akapangusa tena mahali ambapo halikuwepo.

"Nilivunja mwiko wa kazi yangu," alisema. "Nilikitoa kwa mkono wa mtu mwingine. Nilimpa Laurian. Mdogo wangu."

"Muongo!" Laurian alitoka mlangoni. "Nilimfikishia! Nilimpa mkononi! Dada, umerogwa? Mnamsikiliza mwanamke aliyepigwa na moshi miaka yote? Nilimpa Jean Paul kiko chake, kama alikipa mwingine mimi nitajuaje?"

"Hukunipa kitu," alisema Jean Paul.

"Kaa kimya wewe!"

"Basi ni rahisi," alisema Benedicto. Alikichukua kiko mkononi mwa Jovitha, akakifuta kwa leso yake, na mbele ya watu wote akaking'ata mwenyewe, upande wa kushoto. Meno yake makubwa yalipanda juu ya mashimo bila kuyapata. Akampa mwenye tairi. Mwenye tairi alisita, akaking'ata, naye akarudisha upesi bila kutazama mtu. Wa tatu, wa nne. Hakuna aliyecheka, ingawa siku nyingine wangecheka mpaka jioni. Kisha Benedicto akakinyoosha kwa Laurian.

Laurian alitazama kiko. Alitazama njia ya migombani, na watu walikuwa wameshaiziba. Uso wake ulibadilika, akafanya jambo ambalo Jovitha hakulitegemea. Alikinyakua kiko, akakitia kinywani na kukiuma kwa nguvu zake zote, mishipa ya shingo ikamtoka, anataka kuzisaga zile alama zipotee.

Maskini. Alikuwa amekaa miaka yote kwa mchongaji, na hakuwahi kusikiliza hata siku moja kuhusu pembe. Pembe ikishakaza imekaza. Na mtu akiuma kwa hasira haumi kwa hesabu, huuma pale alipozoea. Kiko kilikwenda kushoto chenyewe. Jino zima likaingia kwenye shimo refu, jino lililovunjika likaingia kwenye fupi, na kiko kikasimama pale, hata alipokiachia kikaning'inia sawasawa bila kutikisika.

Watu wote waliona. Hata Laurian mwenyewe alijua, kwa sababu alisikia meno yanavyokaa.

Ilipita kama pumzi moja hivi. Kisha mwenye tairi akaliinua tairi.

Jovitha hakumbuki alivyofika. Anakumbuka tu kwamba alikuwa chini, mwili wake juu ya mwili wa Laurian, kanga imemtoka, na fimbo mbili zilimpata mgongoni kabla wenye fimbo hawajaelewa wanampiga nani. "Nimewapa ukweli!" alikuwa anapiga kelele. "Nimewapa, sikuwapa mtu wa kuchoma! Mkitaka kuchoma, anzeni na mimi niliyechonga!" Petroli ilimwagika mguuni mwake, ya baridi, na akasikia Benedicto anataja majina ya watu, moja moja, majina yao kamili na ya baba zao, "Nimekuona! Na wewe nimekuona! Nitawaandika wote!" Mara sauti nyingine ikaingia, ya kukwama na ya kukatikakatika. Jean Paul, mikono imefungwa bado, alikuwa amejikokota akasimama upande wa miguu yao.

"Mwacheni," alisema. "Mlikuwa mnanichoma mimi kwa kosa lake, sasa mnataka kumchoma yeye ili msahau?"

Huyu mtu wa kuja asiye na ndugu. Mwenye kidumu ndiye wa kwanza kurudi nyuma. Akaona haya, akakificha kidumu nyuma ya mguu wake, na walipokuja kusikia muungurumo wa gari la polisi linapanda mlima, tairi lilikuwa limelala kwenye majani na hakuna aliyekubali kwamba ni lake.

Askari walikuwa wawili. Walimtia Laurian pingu, wakampandisha nyuma ya gari. Walimfungua Jean Paul kamba, wakamkalisha mbele, kwa maana jicho lake lilihitaji daktari na maelezo yake yalihitajika. Kabla hajapanda alisimama mbele ya Jovitha.

"Kumbe kiko changu kilikuwa tayari," alisema.

"Kilikuwa tayari. Ungekuja ukakichukua mwenyewe, hakuna lililotokea lingetokea." Kisha akajisikia anavyomtupia mwingine kosa, akatikisa kichwa. "Hapana. Mimi ndiye niliyekitoa. Nisamehe, baba."

Jean Paul aligusa jicho lake. Kisha akapanda gari.

Askari mdogo alikuwa na daftari. Aliuliza jina la shahidi, Jovitha akalitaja. Akauliza kazi, akasema mkulima na mchongaji wa viko. Akauliza, "Una uhusiano gani na mtuhumiwa?"

Kabla hajafungua kinywa, Laurian alijibu kutoka nyuma ya gari. "Andika hakuna."

Kalamu ya askari ilisimama. Alimtazama Jovitha, na Benedicto naye akageuka, akajifanya anatafuta miwani yake. Jovitha alikuwa amevumilia fimbo bila kulia. Sasa machozi yalimteremka, hakuyafuta.

"Andika dada yake," alisema. "Yeye akikataa ni hasira. Wewe andika dada."

Askari akaandika. Akamwambia naye apande, maana maelezo kamili yangechukuliwa mjini Biharamulo, na nafasi pekee iliyobaki ilikuwa nyuma, kwenye benchi la chuma. Jovitha akapanda, akakaa. Laurian akageuzia uso migombani. Lakini mvua za wiki ile zilikuwa zimeichimba barabara vibaya, na gari lilipoanza kuteremka lilirusha watu huku na huku. Jovitha alishika bomba la juu. Laurian, mikono imefungwa nyuma, hakuwa na pa kushika, na kwenye shimo la tatu alichomoka kwenye benchi kabisa. Jovitha akamdaka begani, akamrudisha, akaacha mkono wake pale pale. Laurian hakulisogeza bega.